Habari ni Mali ya Nani? Jinsi Majeshi Washirika Yanavyopeana Taarifa, Kuanzia Tabora ya 1916

Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliingia Tabora chini ya Jenerali Charles Tombeur. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imehamia mjini humo wakati wa vita, na reli ya kati ilipita hapo ikielekea Kigoma, kwa hiyo kuutwaa mji huo kulikuwa pigo kubwa kwa Wajerumani. Kutoka kaskazini, safu ya Waingereza iliyoanzia Mwanza chini ya Brigedia Jenerali Charles Crewe ilikuwa nayo ikiielekea Tabora. Majeshi hayo mawili yalikuwa upande mmoja, yakipigana na adui mmoja, na yalikuwa na kila sababu ya kumbana katikati. Hata hivyo Jenerali Kurt Wahle, aliyekuwa akiilinda Tabora, aliondoka na askari wake kuelekea kusini-mashariki, na mwezi uliofuata safu zake zikaibukia upande wa Iringa, nyuma ya Waingereza waliokuwa chini ya Jenerali Edward Northey.

Kwa nini mtego haukufungwa? Sehemu ya jibu ni nchi yenyewe: maji ya shida, chakula kidogo, wapagazi waliochoka na kuugua njiani kwa maelfu. Sehemu nyingine imo ndani ya ushirika wenyewe. Ubelgiji, ambayo karibu nchi yake yote kule Ulaya ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, ilitaka kushika ardhi Afrika ya Mashariki ili iwe na cha kuweka mezani siku ya mazungumzo ya amani. Uingereza haikufurahia kuona mshirika wake akijiimarisha katika nchi ambayo yenyewe iliitaka. Katika hali kama hiyo, kumwambia mshirika mahali adui alipo ni jambo jepesi. Lakini kumwambia mahali ulipo wewe mwenyewe, nguvu uliyobakiwa nayo na siku unayokusudia kufika, ni kumpa nafasi ya kukutangulia.

Nimeanza na Tabora kwa sababu kubwa moja, kwamba mambo yote magumu ya kupeana taarifa kati ya majeshi washirika yalikuwapo pale, kabla ya kompyuta, setilaiti na ndege zisizo na rubani, na vifaa hivyo vilipokuja havikuyaondoa. Wengi wetu tunaposikia kwamba majeshi yameshindwa kupashana habari hufikiria mitambo: redio zisizosikilizana, mtandao uliokatika, programu za aina mbili. Mitambo ina sehemu yake, nami nitaifikia. Lakini kiini cha suala ni umiliki. Habari ikishavuka kutoka jeshi la nchi moja kwenda la nchi nyingine, inakuwa mali ya nani, nani ana mamlaka ya kuamua isomwe na nani, na nani atawajibika ikimfikia asiyestahili au ikichelewa kumfikia anayeihitaji?

Hapa Kigoma tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika, lililotoa mifano ya pande zote mbili, ya kufaulu na ya kushindwa. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, kisha zikakokotwa kwa ng'ombe na mitambo ya mvuke kupita milima ya Mitumba hadi ng'ambo ya ziwa, mahali panapoitwa Kalemie siku hizi. Bila Wabelgiji waliotoa njia, vibarua na bandari, safari ile isingewezekana. Siri ilitunzwa vizuri kiasi kwamba tarehe 26 Desemba 1915 mashua ya Kijerumani iitwayo Kingani ilipotekwa, Wajerumani waliokuwa Kigoma hawakujua kilichoipata. Na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilipokuja kuchungulia upande ule, nayo ikazamishwa. Huo ni mfano wa washirika wawili waliobeba siri moja bila kuivujisha.

Miezi michache baadaye mambo yalikwenda kombo. Juni 1916 kikosi cha Luteni Kanali Murray kutoka Rhodesia ya Kaskazini kilikuwa kikiibana ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kwa upande wa nchi kavu. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson wa wanamaji wa Uingereza alifika na mashua zake, akaiona ngome, akaamua kutoishambulia na akaondoka. Wajerumani wakapata mwanya wa kutoroka kwa majahazi. Hawa hawakuwa hata wa mataifa mawili. Walikuwa Waingereza wote, wa nchi kavu na wa majini. Walichokosa ni kujua mwenzao anakusudia nini usiku ule. Na katika bandari yetu hapa, meli kubwa Graf von Götzen, ambayo ni MV Liemba ya leo, iliendelea kuogopwa ingawa mizinga yake mikubwa ilikuwa imeondolewa na kupelekwa kwingine, na mahali pake pamewekwa mizinga ya mbao ya kudanganyia. Waingereza waliwapa Wabelgiji ndege za kutua majini, zikaruka hadi Kigoma na kuidondoshea mabomu. Picha ya juu ilionyesha mizinga. Hakuna aliyekuwa na habari ya chini kwamba ni mbao. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla ya Wabelgiji kuingia Kigoma.

Mifano hiyo inatuonyesha kwamba neno taarifa linabeba vitu visivyofanana. Ipo taarifa juu ya adui, ambayo watu huiita ujasusi au intelijensia. Ipo taarifa juu ya sisi wenyewe: doria yetu iko wapi, risasi zimebaki ngapi, helikopta ipi inaruka saa ngapi na kwa njia ipi. Na ipo taarifa ya nia, yaani kamanda anakusudia kufanya nini kesho. Ya kwanza ndiyo inayopewa heshima na mihuri ya siri, lakini ya pili ndiyo inayoua haraka inapokosekana. Tarehe 14 Aprili 1994 ndege mbili za kivita za Marekani zilidungua helikopta mbili za Marekani kaskazini mwa Irak, wakafa watu 26, wakiwamo maofisa wa Uingereza, Ufaransa na Uturuki na Wakurdi waliokuwa wakisafiri nao. Ndege na helikopta hazikuwa kwenye masafa mamoja ya redio, na namba za utambulisho wa kielektroniki walizotumia hazikuwa zilezile. Tarehe 23 Machi 2003 kombora la Patriot la Marekani liliidungua ndege ya Tornado ya Uingereza iliyokuwa ikirejea kituoni karibu na mpaka wa Kuwait, na wanajeshi wawili waliokuwa ndani yake wakafa. Hapo palikuwa na washirika wanaoaminiana kuliko karibu nchi nyingine zozote duniani.

Sasa turudi kwenye umiliki, kwa sababu ndiko fundo lilikokazwa zaidi. Kanuni inayotawala karibu mapatano yote ya kijeshi ni kwamba aliyeitoa habari anabaki kuwa mwenyewe hata baada ya kuitoa. Nchi ya kwanza ikiipa nchi ya pili ripoti, nchi ya pili haina ruhusa ya kuipeleka kwa nchi ya tatu bila kuiuliza ya kwanza, hata kama hiyo ya tatu ni rafiki wa wote wawili na askari wake wamelala kambi moja nao. Kanuni hii inaonekana ya kiroho mbaya kwa mtu aliye nje. Lakini bila hiyo hakuna nchi ambayo ingekubali kutoa chochote, maana kila mtoaji angekuwa ametoa kwa watu asiowajua. Juu yake kuna madaraja ya usiri, ambayo kila nchi ina ya kwake, na mapatano lazima yaeleze daraja fulani la nchi moja ni sawa na lipi la nyingine, nani amechunguzwa na kuruhusiwa kulisoma, karatasi itunzwe kwenye kabati la namna gani, na itaharibiwaje. Kazi hiyo ni ya makarani na wanasheria, haina sifa yoyote, na isipofanywa mapema, siku ya shida ofisa mwenye habari mkononi hana njia halali ya kuitoa.

Ugumu unaofuata ni wa kutenganisha habari na chanzo chake. Tuchukue mfano wa kubuni wa ziwani kwetu. Tuseme ofisa upelelezi wa upande wa magharibi amepokea maneno haya: «Mvuvi wa kijiji kimoja kusini mwa Kalemie, ambaye shemeji yake huwapelekea waasi chakula, amesema kwamba jana jioni aliona boti mbili za injini zikipakia masanduku manne marefu yaliyofungwa kwa turubai la bluu nyuma ya ghala la samaki, na kwamba zitavuka usiku wa Jumatano.» Ripoti hii ni ya thamani kubwa, na haiwezi kutolewa kama ilivyo. Ikisomwa na mtu mbaya, huyo mvuvi atapatikana kabla ya jua kutua, kwa sababu ni wachache wenye shemeji wa namna hiyo. Kwa hiyo mwandishi anaandika toleo la pili kwa ajili ya washirika: «Inaaminika kwamba usiku wa Jumatano boti mbili za injini, zenye shehena inayodhaniwa kuwa silaha, zitavuka ziwa kuelekea mashariki.»

Tazama kilichoondolewa. Mvuvi, kijiji na shemeji vimeondoka, hilo ni wazi. Lakini hata idadi ya masanduku, rangi ya turubai na ghala la samaki vimeondoka, kwa sababu aliyeviona vyote kwa pamoja alikuwa amesimama mahali pamoja tu. Kilichobaki ni kile ambacho doria ya Kigoma inakihitaji ili ifanye kazi: usiku upi, vyombo vingapi, vya aina gani, vinakoelekea. Jeshi zuri linawafundisha watu wake kuandika ripoti kwa sehemu mbili tangu mwanzo, sehemu ya juu yenye chanzo na sehemu ya chini inayoweza kukatwa na kupelekwa kwa mwenzako mara moja. Jeshi lisilofundisha hivyo hulazimika kuipeleka ripoti nzima makao makuu ili mtu mwenye cheo aikate, na Jumatano hupita ikiwa bado iko kwenye faili.

Hata hivyo, kukata chanzo kuna gharama yake. Msomaji wa sehemu ya chini hajui kama maneno hayo yametoka kwa mtu aliyeona kwa macho au aliyesikia kilabuni. Ndiyo sababu majeshi mengi huambatanisha alama mbili: herufi kuanzia A hadi F inayoeleza chanzo kinaaminika kiasi gani, na namba kuanzia 1 hadi 6 inayoeleza habari yenyewe inaelekea kuwa kweli kiasi gani. Vitu hivyo viwili hupimwa mbalimbali, kwa sababu mtu mkweli anaweza kuwa amekosea, na mwongo wa siku zote anaweza siku moja kusema kweli. Alama hizo hazimtaji mvuvi, lakini zinamwezesha kamanda wa Kigoma kujua kama atume boti moja ikachungulie au aamshe kikosi kizima.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa nje huiona kwa nadra. Mvuvi yuleyule anaweza kuwa amezungumza na watu watatu: jeshi la nchi yake, walinda amani, na shirika la ujasusi la nchi jirani. Kila mmoja anaandika ripoti, anaficha chanzo kama inavyopasa, na anaipeleka kwa washirika. Mezani zinafika ripoti tatu zinazokubaliana, na mchambuzi anasema habari imethibitishwa na vyanzo vitatu huru. Kumbe ni mdomo mmoja. Irak ilitoa mfano mkubwa wa hatari inayofanana na hiyo. Kabla ya vita vya 2003 shirika la ujasusi la Ujerumani lilikuwa na mtoa habari kutoka Irak aliyepewa jina la siri Curveball, aliyedai kwamba kulikuwa na maabara za silaha za kibiolojia zinazosafirishwa kwa malori. Wajerumani waliwapa Wamarekani ripoti nyingi za mahojiano yake, lakini hawakuwaruhusu kumhoji wenyewe kama walivyotaka. Madai hayo yakasomwa mbele ya Baraza la Usalama tarehe 5 Februari 2003, na baadaye ikadhihirika kwamba hayakuwa ya kweli. Mjerumani alikuwa na haki ya kumlinda mtu wake. Mmarekani aliyeyabeba maneno bila kumwona msemaji alitakiwa kusema wazi kwamba hakumwona.

Vita vya pili vya dunia vina upande unaotia moyo zaidi. Mwishoni mwa Julai 1939, karibu na Warszawa, Wapolandi waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa kila walichojua juu ya kuvunja maandishi ya siri ya mashine ya Kijerumani iitwayo Enigma, kazi iliyofanywa na wanahisabati wao akiwamo Marian Rejewski. Wiki tano baadaye nchi yao ilivamiwa. Walitoa siri kubwa kuliko zote walizokuwa nazo kwa washirika wao, na kwa maoni yangu hakuna tendo la kupeana taarifa lililozaa zaidi ya hilo katika karne ile. Waingereza walipoendelea na kazi hiyo walijikuta na tatizo la mvuvi wetu kwa kiwango kikubwa: wakizizamisha meli zote ambazo wamesoma habari zake, Mjerumani atatambua kwamba maandishi yake yanasomwa. Kwa hiyo walituma kwanza ndege ya upelelezi ipite juu ya meli na ionekane, ili adui adhani ni ndege iliyomgundua. Kwa makamanda vitani walipeleka vikundi vidogo vya maofisa maalumu waliobeba ujumbe huo, wakauonyesha kwa wachache waliotajwa kwa majina, na baada ya hapo wakauchoma.

Vikundi vile vinatufikisha kwa mtu ambaye simulizi za vita humsahau, ofisa kiungo. Huyu ni ofisa wa jeshi moja anayeishi katika makao makuu ya jeshi jingine, anakula nao, anasikia wanayosema kabla hayajaandikwa, na anajua nani wa kumpigia simu nyumbani saa nane za usiku. Akiwa mzuri, anaweza kuokoa siku nzima ambayo barua ingetumia. Akiwa mbaya, au akitumwa kama adhabu kwa kuwa hapendwi kwao, ushirika wote unapooza huku karatasi zikionyesha kwamba kila kitu kipo. Uhusiano wa Spicer-Simson na maofisa Wabelgiji ulikuwa mgumu, na hakuna hati ya mapatano ambayo ingeweza kuziba pengo hilo.

Mitambo sasa. Katika vita vya Afghanistan majeshi ya nchi zaidi ya 40 yalikuwa chini ya kamandi moja, lakini kwa miaka kadhaa kila nchi kubwa ilitumia mtandao wake wa siri. Ofisa mmoja aliweza kuwa na kompyuta kadhaa mezani, kila moja ya mtandao wake, akisoma kwenye moja na kuandika upya kwa mkono kwenye nyingine. Mwaka 2010 ukaanzishwa mtandao wa pamoja wa vita ile, na uamuzi mkubwa haukuwa wa nyaya. Ulikuwa wa kukubaliana kwamba vita vitapiganwa kwenye mtandao wa pamoja, na kwamba mtandao wa kila nchi utaunganishwa nao kwa masharti yanayofahamika. Nchini Mali, ambako Umoja wa Mataifa ulianza operesheni yake mwaka 2013, kiliundwa kitengo cha kuchambua taarifa kilichotegemea sana maofisa na vifaa kutoka Ulaya. Kilikuwa na wataalamu na vyombo ambavyo operesheni za Umoja wa Mataifa hazikuwa zimezoea kuwa navyo. Tatizo ni kwamba kilifanya kazi juu ya mfumo wa kompyuta wa viwango vya NATO ambao vikosi vya Afrika havikuruhusiwa kuufikia, na vikosi hivyo ndivyo vilivyokuwa vikipata hasara kubwa zaidi barabarani. Jambo hili linaniuma kulisema, lakini lazima lisemwe: habari juu ya hatari inayomkabili askari zilikuwapo ndani ya operesheni yake mwenyewe, na njia ya kumfikia haikujengwa kwa ajili yake.

Kwa Watanzania suala hili lina majina ya watu wetu. Machi 2013 azimio namba 2098 la Baraza la Usalama liliruhusu brigedi ya kujibu mashambulizi ndani ya MONUSCO, operesheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo, yenye vikosi vya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na Novemba mwaka huo kundi la waasi la M23 likashindwa. Desemba 2013 MONUSCO ikaanza kurusha kutoka Goma ndege zisizo na rubani na zisizo na silaha, kwa mara ya kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa. Vyombo viliongezeka. Lakini tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, upande wa Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi na watu walioelekea kuwa wa kundi la waasi la ADF, na walinda amani 15 wa Tanzania wakafa. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa uliofuata haukulaumu ushujaa wa mtu. Ulisema kwamba operesheni haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwapelekea askari wale msaada au kuwatoa, na ukataja udhaifu wa kamandi na uongozi pamoja na upungufu wa ndege, uhandisi na taarifa za kijasusi.

Nimelisoma hitimisho hilo mara nyingi, na kila mara naona ya kwamba upungufu wa taarifa umetajwa pamoja na ndege na kamandi, haukutajwa peke yake. Hivyo ndivyo ulivyo kweli. Onyo linalofika kambini pasipo mtu mwenye mamlaka ya kuamuru helikopta iruke, au pasipo barabara ambayo gari la deraya linaweza kupita, halimsaidii aliye ndani ya handaki. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupima kama majeshi washirika yanapeana taarifa vizuri asihesabu ripoti zilizotumwa. Aanze na askari wa mwisho kabisa, yule aliye kwenye lindo, aulize anahitaji kujua nini, baada ya dakika ngapi, na nani atafanya kitu akishajua. Kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa mtoa habari.

Mahali pengine sheria yenyewe inazuia. Umoja wa Mataifa hauruhusiwi kuyasaidia majeshi ambayo yanaelekea kuvunja haki za binadamu kwa kiwango kikubwa, na msaada huo ni pamoja na habari. Mwanzoni mwa 2015 ushirikiano kati ya MONUSCO na jeshi la Kongo dhidi ya kundi la waasi la FDLR ulisimama kwa sababu ya majenerali wawili walioteuliwa kuongoza operesheni hiyo, na ulichukua mwaka mmoja hivi kurejea. Wapo waliosema kwamba waasi ndio waliofaidika. Mimi naona sharti hilo ni la haki, maana kumpa mtu mahali kijiji kilipo huku ukijua atakavyokitendea ni kushiriki naye. Lakini gharama yake ni ya kweli, na wanaoililia wasibezwe.

Na kuna pale ambapo washirika wenyewe hawaaminiani kama walivyokuwa Tombeur na Crewe. Nchi za Maziwa Makuu zilianzisha mwaka 2012 kituo cha pamoja cha kuunganisha taarifa za kijasusi huko Goma, chenye maofisa wa nchi wanachama. Kiliwekwa katika mji uleule ambao M23 iliuteka Novemba ya mwaka huo, huku Kongo ikiilaumu Rwanda kwa kulisaidia kundi hilo na Rwanda ikikanusha. Mapema mwaka 2023 Kongo iliwaondoa maofisa wa Rwanda katika makao makuu ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, hukohuko Goma. Usimlaumu upesi ofisa anayeketi kwenye meza kama hiyo na kusema machache. Anajua kwamba atakachokisema kinaweza kufika porini kabla yeye hajafika nyumbani kwake.

Ziwa Tanganyika lina nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao, maji yote huwaka kana kwamba mji umehamia humo. Kukitambua chombo kimoja kibaya kati ya taa hizo bila kuambiwa na mtu wa upande wa pili ni vigumu mno. Kuna hata jambo dogo la saa: Kigoma iko saa moja mbele ya Kalemie na Bujumbura, nasi huku tunahesabu saa kwa Kiswahili, hivyo ujumbe unaosema «saa tatu usiku» bila kutaja ni saa ya nani unaweza kuipeleka doria majini wakati boti zimeshapita. Majeshi hutumia saa moja ya kimataifa katika ujumbe wao kwa sababu hiyohiyo, lakini mvuvi, polisi wa kijiji na mtumishi wa bandari hawaitumii, na habari nyingi huanzia kwao.

Kitu ambacho kingesaidia zaidi hapa, kwa mtazamo wangu, ni ruhusa iliyoandikwa mapema. Ofisa wa zamu wa Kigoma awe na orodha fupi ya mambo ambayo anaweza kumwambia mwenzake wa Kalemie au wa Bujumbura papo hapo bila kuuliza Dodoma: chombo kinachozama, chombo chenye silaha, doria yetu iko sehemu gani usiku huu ili tusipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Yaliyo nje ya orodha yafuate njia ndefu ya mihuri. Kila habari iliyotolewa ijibiwe ndani ya muda uliotajwa, hata kama jibu ni kwamba doria ilikwenda na haikukuta kitu, kwa sababu mtoaji asiyerudishiwa neno huacha kutoa, na mchambuzi asiyejua kama alipatia hawezi kurekebisha herufi na namba alizoweka.

Pendekezo hilo nalo lina mipaka yake. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na vijiji vinavyoizunguka kuna watu wengi waliokimbia vita vya ng'ambo, na baadhi yao wana jamaa waliobaki huko. Mtu wa aina hiyo anapomweleza ofisa wetu jambo, anaweka rehani maisha ya watu walio mbali, katika nchi ambayo ofisa huyo hana mamlaka. Mapatano mazuri ya kupeana taarifa yangepaswa kusema waziwazi kwamba jina lake halivuki mpaka kwa hali yoyote, hata mshirika akiliomba kwa barua rasmi, na kwamba yeye mwenyewe anaulizwa kwanza kama maneno yake yanaweza kwenda ng'ambo.